Mlipuko Ule si wa Nyota Yangu

Shikamoo Baba,

Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Tangu tukuzike Mashewa, Mama amehamia kwa kaka kule Handeni. Chumba chako cha eksirei pale hospitali ya Korogwe sasa anakishika mama mmoja anayechekacheka mno. Simwamini. Mimi bado niko chuoni nikichunguza nyota zangu changa, zile ambazo zingali zimegubikwa na vumbi zilimozaliwa. Macho hayapenyi vumbi lile, lakini eksirei inayotoka kwenye nyota hizo inapenya. Nilipokueleza ulicheka: "Kumbe umerithi kazi yangu, ila wagonjwa wako hawavui nguo!"

Nyota hizi hazitulii, Baba. Zinafifia, mara zinawaka ghafla, kisha zinapoa. Majuzi ile tunayoifuatilia ikalipuka kwa mng'ao ambao hatujawahi kuuona kwake. Profesa akataka tutangaze haraka, jina langu likiwa la kwanza. "Itakuwa zawadi kwa marehemu baba yako," akasema. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Kwa nini akutaje wewe, asitaje vipimo?

Nikamkumbuka yule mama wa Mkata. Ulimpiga picha ya kifua, ukaona doa jeupe, ukawaambia ndugu zake wamkimbize hospitali kubwa. Walilia njia nzima. Walipofika Segera ndipo dada yake alipoigusa hirizi ya kikopo cha bati chini ya kanga. Mgonjwa aliona haya kuitaja mbele ya mwanamume; doa lilikuwa bati lile tu. Ulikosa raha, na tangu hapo hata nikileta matokeo ya shule ulikuwa ukiniambia, "Usiniambie umeona nini. Niambie umeondoa nini."

Basi nikaanza kuondoa. Nilishuku mtambo, nikaukuta mzima. Nilishuku chembe zinazorushwa na jua letu, lakini siku ile lilikuwa limetulia. Nikajishuku na mimi mwenyewe, maana niliutaka mlipuko ule, Baba. Niliutaka mno, nipate cha kukuletea.

Ikabaki nyota nyingine inayoonekana karibu na yetu mno hata darubini yetu inaziona kama moja. Nikaomba picha ya darubini kali zaidi iliyotazama pale pale, saa zile zile. Imefika leo. Mlipuko ni wa jirani, nyota kuukuu iliyokaa mbele ya yetu. Nimelia kama mtoto. Profesa anasema picha haiko wazi sana, nisaini tu tangazo, hakuna atakayeuliza.

Nakuahidi kesho namwambia sisaini. Akitaka kunitoa kwenye kazi, anitoe.

Shangazi aliponipigia simu kusema umefariki, nilimhoji: nani kakuona, daktari gani, wamehakikisha mara ngapi? Akadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa natafuta kosa, Baba. Hata kaburini nilikuwa bado nalitafuta.

Sikulipata. Basi leo nakubali kukuaga. Kwaheri, Baba.

Mwanao,
Zaina