Siku Tatu Mwisho wa Lami

Jumamosi, 2 Novemba

Kikao cha kwanza, sebuleni kwangu. Ramani imejaa meza nzima, pembe zake nimezibana kwa mawe yangu ya mizani — la kilo moja, la mbili, la tano na la nusu. Magari matatu, watu watano. Mimi na binti yangu, ambaye bado yuko mbali kikazi. Sista, muuguzi jirani yetu, na mumewe ambaye hufungua mdomo mara moja kwa wiki. Na shemeji, ndugu wa mke wangu, fundi magari, mwenye wazo lote hili. Kilomita mia nne na ishirini za jangwa, kutoka mwisho wa lami hadi mji wa upande wa pili. Mchanga na mawe. Hakuna kituo cha mafuta, hakuna mtandao, hakuna mtu.

Kila swali linatua kwangu. Nahodha, tutalala wapi? Nahodha, maji kiasi gani? Nahodha, mafuta je? Nikajibu yote bila kupepesa jicho. Tanki moja na madumu mawili ya lita ishirini kila gari — yanatosha na kubaki! Sista akaandika. Hata mumewe akaitikia kwa kichwa.

Basi niandike hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Sijavuka jangwa lile. Miaka ishirini na minne iliyopita nilifika mwisho wa lami, nikakaa kwenye kituo cha mafuta siku tatu, nikageuza gari nikarudi nyumbani. Mengine yote ni chuku. Nilipiga chuku mara moja, watu wakapenda, basi.

Jumatatu, 4 Novemba

Kazini. Ukaguzi sokoni, mizani kumi na moja. Ya muuza nyama inadanganya — kila kilo inamlia mteja gramu sitini. Akaapa kwamba ndivyo alivyoikuta, hajawahi kuigusa. Nikaipiga muhuri wa kukataliwa. Akaniuliza, bosi, wewe hujawahi kukosea? Nikajifanya naandika.

Jumatano, 6 Novemba

Binti kapiga simu kutoka kazini kwake, huko anakopima ardhi. Likizo amepewa! Anasema kitu anachokitaka safari nzima ni kimoja tu: nimwonyeshe lile lori bovu.

Lori bovu! Nililibuni akiwa na miaka sita, jioni moja alipogoma kulala. Kwamba siku aliyotimiza miezi miwili mimi nilikuwa katikati ya jangwa, nimejibanza chini ya lori bovu, upepo unavuma, namuwaza yeye. Akaliandikia insha darasa la tano. Akapewa kamusi, iko kabatini mpaka leo. Nikamjibu kwamba huenda mchanga umeshalifukia. Uongo juu ya uongo, na mdomo wenyewe hauoni haya!

Jumamosi, 9 Novemba

Nimeumbuka leo. Tulikwenda kufanya mazoezi kwenye machimbo ya mchanga ya zamani, nje ya mji. Shemeji alitaka kujua gari linakula mafuta kiasi gani mchangani. Akajaza tanki hadi mdomoni, akaazima kile kipimo changu cha lita, cha kazini. Nahodha atangulie!

Nikatangulia. Mita hamsini, gari likaanza kuzama. Nikakanyaga mafuta. Likazama zaidi. Nikakanyaga zaidi, mchanga unaruka nyuma kama kuku anafukua, mpaka tumbo la gari likalala chini.

Shemeji akaja polepole. Akatazama matairi. Yamejaa upepo tele, kama ya kwendea ofisini. Akachuchumaa, akapunguza upepo tairi moja moja, akachimba kwa sepetu, akaingia, akalitoa gari taratibu kwa gia ya kwanza. Halafu akanitazama. Mtu aliyevuka jangwa hasahau kupunguza upepo. Hata mimi sasa najua hivyo.

Kilomita kumi, lita tatu na nusu. Sista akapiga hesabu kwenye simu yake. Kwa tanki na madumu yangu mawili, tungeishiwa karibu kilomita themanini kabla ya mji. Themanini! Na binti yangu yumo. Shemeji akasema labda mchanga wa enzi zile ulikuwa mgumu. Alinifungulia mlango wa kutokea, nami nikapita. Ndiyo, nikasema, ulikuwa mgumu.

Jumapili, 10 Novemba

Sikula. Mke wangu akaondoa sahani, akauliza ni tumbo au ni jangwa. Nikamwaga yote. Kituo, siku tatu, lori bovu, yote. Nikangoja anishangae.

Akaendelea kukunja nguo. Akasema alijua tangu siku niliyorudi. "Lile gari nililiosha mwenyewe, bwana. Hata mchanga wa kujaza kijiko sikuupata."

Miaka ishirini na minne! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema nilikuwa nafurahi sana nikisimulia, na haikuwa inamdhuru mtu. Sasa itadhuru. Akaweka shati langu juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja. Wakubwa wenzangu niwaambie kesho, asilale mtu tena akiamini hesabu zangu. Mtoto nimwambie mwenyewe, uso kwa uso. Katika hilo yeye hatanisaidia.

Mchana nimelala fofofo. Sijalala hivyo tangu tuanze kutaja jangwa.

Jumatatu, 11 Novemba

Gereji kwa shemeji, baada ya kazi. Wakubwa wote wanne tumekalia matairi makuukuu, harufu ya grisi, redio imezimwa. Nikasema: sijavuka. Nilifika mwisho wa lami nikarudi.

Shemeji akavurumisha spana. Haikumlenga mtu, ilikwenda ukutani. "Ungetuua, shemeji! Ungetuua sote na matumaini yetu!" Akatoka nje kunawa, tukasikia bomba linamwagika muda mrefu, kwa mikono miwili tu.

Sista naye — alijizuia, alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Siku tatu kituoni! Ulikuwa unafanya nini, Nahodha, unazihesabu pampu? Nikacheka naye.

Ndipo mume wa Sista akatoa sentensi yake ya wiki. "Basi tutafute anayejua."

Kwisha! Shemeji akarudi na mikono inachuruzika, bado amenuna, lakini tayari ana mtu kichwani: dereva wa malori ya chumvi anayevuka njia ile kila mwezi. Na madumu yawe matano kila gari, si mawili. Na simu ya setilaiti, ya kukodi. Na vibao vya kuweka chini ya matairi. Nikasema mimi nijitoe. Shemeji akaniuliza nijitoe niende wapi, na mizigo atapima nani?

Moyo umetua. Nimerudi nyumbani kwa miguu, napiga mluzi, mtu mzima mimi. Kumbe mzigo ulikuwa mkubwa hivi! Nimebakisha mmoja tu, lakini huo ndio wenyewe.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku nzuri kuliko zote. Mkuu wa ghala la nafaka ametuazima mizani yao ya magari, nami nilikuwa nyumbani pale, jamani. Hakuna kilichopanda bila kupita mikononi mwangu. Gari la shemeji limezidi kilo mia moja na themanini! Nikachungulia: mashine ya kuchomelea vyuma. Jangwani! Nikamuuliza atachomeka wapi waya, kwenye jua? Sista akaniita nione zaidi: vyuma vya akiba, nyundo tatu, na kiti cha gereji. Shemeji akashusha kimoja kimoja huku analalamika kama mtu anayeporwa. Kisha nikaufikia mzigo wa Sista. Mito minne. Shemeji akafarijika sana.

Sasa hawaniiti Nahodha. Wananiita Mizani. Sijawahi kupewa jina likanikaa vizuri hivi.

Dereva wa malori, atakayetuongoza, alikuja kutuona. Tumeshampa jina, Chumvi. Mfupi, mpole, macho ameyafinya hata kivulini. Akakagua matairi, akanusa madumu ya maji, akaagiza mawili yaoshwe upya. Akaniuliza mimi nimefika wapi. Mwisho wa lami, nikamwambia. Akasema wa namna hiyo anawajua wengi. Mama wa duka la kituoni huwa anawakumbuka mmoja mmoja.

Hilo la mwisho sikulipenda.

Jumatano, 27 Novemba

Binti amewasili. Amekonda kidogo, amechomwa na jua la kazini, anacheka vilevile. Jioni nzima anauliza habari za njia. Mjomba wake kila mara akanitupia jicho, kisha akageuzia maneno kwenye breki.

Kabla sijafungua mdomo akatoa karatasi kwenye begi. Insha! Ile ya darasa la tano, ameitunza ndani ya plastiki. Anataka kuisoma kwa sauti chini ya lori lenyewe, au pale lilipofukiwa. Mke wangu alikuwa anapangusa meza. Akapangusa sehemu ileile mara nne.

Kesho.

Alhamisi, 28 Novemba

Kesho imepita. Leo ilikuwa kupakia. Watu kila chumba. Visingizio navyo vina mwisho — nitamwambia njiani.

Ijumaa, 29 Novemba

Mwisho wa lami. Saa nne asubuhi, jua limeshakaza.

Kituo ni kilekile, pampu ndizo mpya. Tumejaza matangi na madumu. Nimepunguza upepo matairi yote kumi na mawili, mwenyewe, Chumvi akinisimamia. Amesema sawa.

Njiani sikusema. Tangu alfajiri binti kashika usukani, mimi pembeni yake. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza lori likatupita, vumbi tupu. Ya pili akanitangulia: Baba, safari hii nimeingoja tangu darasa la tano. Ya tatu sina la kusingizia.

Kisha nikaingia dukani kutafuta kiberiti, binti nyuma yangu. Mama wa duka akainua uso. Ameota mvi. Akanitazama. Nikatazama dari.

"We! Si yule fundi wa mizani?"

Akamvuta binti mkono aje aone, mizani iko juu ya kaunta, ya sahani mbili. Baba yako huyu alikaa hapa siku tatu, akasema, gari lake la kijani pale nje, kila asubuhi analiwasha na kulizima. Siku ya pili akagundua mizani yangu inanidanganya. Akaifungua yote hapa chini, skrubu kwa skrubu, akamaliza kesho yake. Mpaka leo haijanidanganya tena! Akacheka kwa furaha ya kweli. "Safari hii unavuka, au umekuja kuikagua?"

Binti akainama. Pembeni ya mizani kuna muhuri wangu wa madini ya risasi, na tarehe niliyoigonga kwa mkono wangu. Siku ya tatu. Yeye anapima ardhi, namba hazimpiti. Siku aliyotimiza miezi miwili. Akausugua muhuri kwa kidole gumba, kana kwamba tarehe itabadilika. Akachukua kiberiti, akamshukuru mama, akatoka.

Shemeji aliuona uso wake. Amewapeleka wenzake wote upande wa pili wa magari, injini zimezimwa. Sasa binti ameketi juu ya dumu kwenye kivuli cha ukuta, hatua kumi kutoka hapa nilipo. Nimemwomba dakika tano. Ameuliza kitu kimoja tu: "Baba, kwa nini ulirudi?"

Jibu zuri ninalo. Nilirudi kwa ajili yako, mwanangu, ulikuwa na miezi miwili. Nimeliandika kwenye ukurasa huu, kwa herufi safi. Tamu! Angelia, angenikumbatia, tungeondoka. Nimelikata kwa mstari. Nimelikata tena.

Niliogopa. Ni hilo tu. Asubuhi tatu niliwasha gari, nikaona ule weupe wa jangwa mbele, miguu ikakataa.

Chumvi amepiga honi, moja, fupi. Jua halingoji. Binti hakugeuka. Ameinuka, ameburuta dumu la pili kutoka kwenye gari, zito, limejaa, mchanga umechoreka nyuma yake. Ameliweka kando ya lake. Amelifuta juu kwa kiganja.

Naenda kukaa naye, nimwambie hilo.