Kura ya Mzee Arvid na Gari la Wagonjwa

Kwa Bi Verna,

Kwa heshima zote natangaza kwamba mimi, Wendell Hostetter, mkazi wa Alder Ford, Oregon, miaka hamsini na sita, mwenye kitambi cha wastani na miwani ambayo kila siku naitafuta, nimechaguliwa bila kupingwa kuwa Msomaji wa Pendekezo Namba Kumi na Nne. Sikupingwa kwa sababu wakati wa uteuzi nilikuwa jikoni naongeza chakula.

Cheo hicho kimeniponza, na ndiyo maana nakuandikia kuomba ushauri. Unaijua desturi yetu, karatasi za kura zikishafika kwa posta tunakutana kwa jirani yangu Lorraine, kila mtu na bakuli lake, na kwa kuwa karatasi yenyewe ni ndefu kama shuka tunagawana kazi, Lorraine anasoma habari za wagombea ugavana, mwingine wagombea ubunge wa jimbo, mwingine majaji ambao hakuna anayewajua, kisha wiki inayofuata tunarudi na kila mmoja anawaeleza wenzake alichokikuta kwenye kijitabu cha wapiga kura, na mimi nilipewa hilo Pendekezo Namba Kumi na Nne, kodi ya gari la wagonjwa, basi nikasimama na uma mkononi nikasema, "Jamani, hii ni kodi mpya, wanatuongezea mzigo, jazeni Hapana," na mzee Arvid Tollefson, mwenye miaka themanini na moja na moyo ulioshamlaza hospitali mara mbili, akaniuliza, "Una uhakika, Wendell? Maana mimi na gari lile tunafahamiana," nikamjibu, "Mzee, nimesoma mpaka macho yameniuma," akacheka, akasema, "Haya, tumeyaamini hayo macho," akajaza Hapana kwa wino mweusi, na wengine saba wakamfuata.

Juzi nimekifungua tena kijitabu nikakuta si kodi mpya hata kidogo, ni ile ile tunayolipa miaka yote, inaombewa muda zaidi, na ikikataliwa kituo chetu kitafungwa na gari litakuwa linatoka makao makuu ya kaunti, dakika arobaini barabara ikiwa kavu. Lakini Bi Verna, lugha ya vijitabu hivi ni ngumu, yeyote angekosea, na kura ni siri ya mtu. Nikinyamaza nitakuwa nimekosa? Nikisema, watanicheka mpaka nizikwe.

Wendell

*

Wendell,

Watakucheka, ndiyo. Utapona. Mzee Arvid akishikwa na moyo mwezi wa Januari, barabara ina barafu, sijui kama atapona.

Nakuhurumia kidogo. Karatasi ya mwaka huu imenitoa jasho hata mimi, na nafasi ya jaji mmoja nimeiacha wazi kwa sababu sikupata hata jirani wa kumuuliza. Lakini usimsingizie aliyeandika kijitabu. Nimeufungua ukurasa wako. Sentensi ya pili inasema kodi haipandi. Ya pili, bwana. Mtu aliyesoma mpaka macho yakamuuma angefika sentensi ya pili.

Na siri ya kura usiifanye pazia la kujifichia. Hakuna anayekutuma umuulize Arvid alichojaza. Unachodaiwa ni maelezo sahihi, ambayo aliyangoja kwako na hukumpa.

Leo Alhamisi, kura inafungwa Jumanne saa mbili usiku. Ambaye bahasha yake ingali mezani anaweza kwenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti akaomba karatasi nyingine, nao watampa. Ambaye ameshaitumbukiza sandukuni, imekwenda. Kwa hiyo gonga milango yote minane, anza na wa Arvid. Usipige simu, maana kwenye simu ni rahisi mno kuaga. Nenda na kijitabu, msomee kila mtu ukurasa mzima, kisha funga mdomo. Usiwaambie wajaze nini. Umeshawaambia mara moja, inatosha.

Verna

*

Bi Verna,

Nipe nafasi ndogo niseme ilivyokuwa. Sikusoma. Kijitabu kilikaa wiki nzima chini ya sufuria. Nilisoma kichwa tu, nikiwa ndani ya gari nangoja treni ipite, nikitoka dukani kwenda kwa Lorraine. Nikaona neno kodi, yaliyobaki nikayatunga mwenyewe nikiwa na uma mkononi.

Nimegonga milango minane. Wanne walikuwa bado na bahasha. Arvid aliitumbukiza yake jioni ile ile, kwenye sanduku la kura lililo nje ya maktaba, wa kwanza mtaani kama kawaida yake. Nilimsomea ukurasa wote pale mlangoni. Akasema, "Kumbe gari nimelikataa kwa mkono wangu."

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Mkono ulikuwa wangu."

"Uchaguzi ujao lete saladi, Wendell. Usisome kitu."

Kura bado zinahesabiwa. Hadi leo tofauti ni kura kumi na moja, na kila siku upande unaoongoza unageuka. Nimemwonyesha Arvid msumari ninapotundika ufunguo wa pikapu yangu, nikamwambia anipigie saa yoyote nimpeleke hospitali. Akaniuliza, na miwani je, najua iliko?

Nimeifunga kamba, naivaa shingoni.

Wendell