Mlango Umelala

Jumapili, 6 Aprili

Mjukuu wangu Msumari,

Hujambo? Umeamkaje huko? Unakula, au bado unakunywa kahawa na kuiita chakula? Mimi sijambo, mzima kama gogo. Goti la kushoto linalalamika, lakini goti hilo lilizaliwa na malalamiko, tumeshazoeana.

Sasa nisikilize. Jana jioni tumeangalia sehemu ya tano ya tamthilia yenu. Tulikaa palepale kwa fundi cherehani, jirani wa karakana yangu, maana televisheni yake kubwa kama kabati. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alifunga duka mapema akaja na kiti chake mwenyewe, kile kinachozunguka, kwa sababu anasema viti vya watu wengine vinamtia uvivu. Nilikuwa nimetangaza wiki nzima. "Sehemu hii," niliwaambia, "picha zake zimekatwa na kuungwa na mjukuu wangu, mwanzo mpaka mwisho. Shikeni viti." Hata mteja aliyekuwa amenyolewa upande mmoja nilimwambia.

Basi, mama, watu hawakupumua! Ungemsikia nzi anavyowaza. Joka lilipotua kwenye daraja na kulichoma moto, kinyozi aliruka, kiti kikamzungusha, akajikuta anaangalia ukuta. Malkia mwenye jicho moja alipolichoma lile joka mkuki wa pua, fundi cherehani akapiga makofi. Hata mimi nisiyeogopa kitu nilishika meza. Na mimi unanijua, nilipasua gogo likatoka kundi la nyuki, tukaangaliana, wao ndio wakahama.

Watu wamenipa mkono kama vile joka nimelizaa mimi. Hongera sana.

Babu yako,
baba wa milango yote iliyonyooka


Jumatatu, 7 Aprili

Babu, shikamoo.

Mimi sijambo, ila usingizi umekuwa haba. Goti lisuguliwe na mafuta ya moto, usilisugue kwa maneno tu.

Babu yangu mpenzi, sehemu ya tano haina joka. Halitokei hata mkia. Daraja halipo. Malkia hana mkuki, amekaa kwenye ngazi anamenya chungwa. Umelala, Babu, ukaota, ukaniandikia ndoto yako.

Nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Halafu nikaacha kucheka, maana hukulala peke yako. Watazamaji wanalalamika tangu Jumamosi. Mmoja ameandika kwamba chai yake ilipoa, akaipasha, ikapoa tena, na yule mzee seremala wa malkia hajapachika mlango. Mwingine anasema alikaa mpaka mwisho akisubiri sehemu ianze. Mwingine anasema aliyeipenda nyumbani kwao ni mama mkwe wake peke yake, na mama mkwe hajawahi kupenda kitu.

Mkubwa wetu wa kazi amesoma yote hayo. Sehemu ya tano itarudiwa Jumamosi kabla ya ya sita kuonyeshwa, na anataka yule mzee wa mlango aondolewe, abaki kidogo tu. Amenipa mpaka Alhamisi. Nisipokata mimi, atakata mwingine, na mimi nitafute pa kwenda.

Mimi naamini bila yule mzee, sehemu ya sita haina nguvu. Lakini labda nimeikodolea macho mpaka siioni tena. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Iangalieni tena, mkiwa macho. Nimeituma kwenye simu ya fundi cherehani, anajua kuiunganisha na televisheni. Halafu niambie watu walichoka wapi. Usitie chumvi, Babu. Mara hii chumvi itanifukuzisha kazi.

Na huyo mzee, mwangalie vizuri.

Mjukuu wako,
Msumari


Jumatatu, 7 Aprili, jioni

Msumari,

Salamu nilishakupa jana, zitumie hizohizo.

Kwanza, kama joka halimo, lipo kosa, na kosa si langu. Liweke. Ndoto nakupa bure, na mkuki wa pua juu yake.

Pili, nimemuuliza fundi cherehani nilikoroma au sikukoroma. Amesema hajui, maana alidhani ni cherehani yake imeharibika. Mwanamke huyu hana adabu kabisa. Naye kinyozi anasema hakuruka popote. Alisimama katikati ya tamthilia akaaga, "Mlango ukishapachikwa mniite," akaenda zake kula.

Tatu, huyo mkubwa wenu anayetaka kukufukuza, ana urefu gani? Nauliza tu, mbao za sanduku ninazo.

Tutaiangalia kesho mchana. Nitakaa kwenye kigoda, hakina pa kuegemea, nikilala nitaanguka.

Babu yako,
aliye macho


Jumatano, 9 Aprili

Babu, shikamoo. Habari za tangu juzi?

Jana ilipita bila neno. Kesho ndiyo Alhamisi. Kama ni mbaya niambie tu, nimeshajiandaa.

Mjukuu wako,
Msumari


Jumatano, 9 Aprili, jioni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi sijambo, mwili mzima. Sikukuandikia jana kwa sababu ilibidi niende karakana kupiga randa ubao ambao haukuhitaji kupigwa randa.

Tuliiangalia. Sikulala. Ukitaka shahidi, muulize kigoda.

Mlango wa ngome ulishavunjwa na joka katika sehemu ya nne, hilo nalikumbuka, nilikuwa macho. Sasa malkia anataka mlango mpya upesi, maana joka litarudi. Mzee anautengeneza, unakamilika, mzuri ajabu. Halafu haupachiki! Anauegemeza ukutani sebuleni kwa malkia, anakaa pembeni anaweka sikio kwenye ubao, anagonga kwa kidole, anasikiliza. Askari wanampigia kelele. Anawaambia mbao zimetoka nje, hazijazoea hewa ya ndani. Ukiupachika leo utavimba, na siku ya kukimbia utakwama.

Kinyozi akaanza kelele palepale. "Pachika mlango, mzee! Mimi ningenyoa hivi, ndevu zingeota kabla sijafika kidevuni!" Nikamwambia wateja wako wanatamani ungenyoa hivyo, wangebaki na masikio. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa namwangalia yule mzee, najiuliza, huyu nimemwona wapi?

Ndipo akaja yule binti mdogo wa malkia. Kila mtu ana hofu, yeye anacheza. Anauendea ule mlango ulioegemea ukuta, usio na bawaba wala kitasa, nyuma yake kuna ukuta mtupu. Anagonga. Ngo, ngo. Na mzee, hata hageuki, anamwambia, "Rudi baadaye. Mlango umelala."

Msumari.

Nyumba hii haijawahi kukosa mlango ulioegemea sebuleni, na haukuwahi kuegemea mlango ambao hukuugonga. Ulikuwa huufikii hata mahali pa kitasa. Ukigonga nakujibu vilevile, neno kwa neno, unakimbia unacheka, unarudi tena unagonga. Mama yako akisema utaota sugu za vidole. Kumbe uliondoka na kitu hicho, na mimi nikadhani umebeba begi tu.

Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia ningevaa shati zuri la kuangalia televisheni. Isipokuwa huyo mliyemchagua ana masikio makubwa kupita kiasi. Mimi masikio yangu yana kipimo.

Sasa jibu la swali lako, bila chumvi. Fundi cherehani anashona kila anapoangalia. Watu wabusiane, wafe, wafufuke, cherehani inakwenda trrr, trrr, hata vita vya sehemu ya pili vilimkuta akipinda sketi ya shule. Yule mtoto alipogonga, cherehani ilinyamaza. Nilidhani uzi umekatika. Haukukatika. Mkono wake ulikuwa juu ya kitambaa tu, haujui pa kwenda. Haikulia tena mpaka mwisho.

Kinyozi alikuwa ameshanyanyuka aende zake, akabaki amesimama. Akauliza, "Lakini joka likifika kabla hajaupachika?" Akakaa.

Mtu aliyechoka haulizi.

Mahali walipochoka ni lile chungwa. Wote tulichoka pale, na mimi ndipo Jumamosi nilipoondoka na usingizi wangu. Malkia anamenya, anamenya, chungwa lile lina maganda ya machungwa saba. Kata chungwa. Mlango usiuguse.

Babu yako,
mwenye masikio ya kipimo


Ijumaa, 11 Aprili

Babu, shikamoo. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nimekata chungwa. Kwa kweli lilikuwa refu, nilikuwa nalipenda kwa sababu ya mwanga wake tu, na kila aliyeniambia nilimkasirikia. Wewe sijui kwa nini sikukukasirikia.

Mzee nimemwacha. Nilimwambia mkubwa wangu ana kwa ana. Hakupiga kelele, ni mtu mpole, ndiyo maana inauma. Alisema hakuna muda tena wa kumpa mtu mwingine, itaonyeshwa hivyohivyo, lakini sehemu ya sita ikishapita niache ufunguo wangu mapokezi. Nikasema sawa. Nikaenda kuosha kikombe changu.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka umtambue mwenyewe. Ningekuambia, ungemwambia kila mtu mtaani kabla televisheni haijawashwa.

Babu, kile chumba changu bado kipo?

Mjukuu wako,
Msumari


Jumapili, 13 Aprili

Mjukuu wangu, mkata machungwa,

Hujambo? Sisi huku sauti zimekauka, tunaongea kama vyura.

Kwa fundi cherehani jana hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu walisimama mpaka nje, wanaangalia dirishani. Kwanza ikarudiwa sehemu ya tano. Kinyozi, yuleyule, akawa anawanyamazisha wengine. "Shh! Mlango umelala!" Ukimsikia, utadhani ameutengeneza yeye.

Halafu ya sita. Mzee anaupachika mlango alfajiri, na jua halijatoka vizuri joka hilo linakuja. Watu wote wa ngome wanakimbilia ndani, malkia wa mwisho, yule mtoto mgongoni kwake. Nikawaza, sasa utabana, sasa utabana. Mzee akausukuma kwa kidole kimoja, mama! Ukafunga kimya, kama mtu anayefumba jicho. Joka likagonga. Ngo. Ngo. Na yule mtoto, ndani gizani, akasema kwa sauti ndogo, "Rudi baadaye."

Chumba kizima kililipuka kwa shangwe. Kinyozi alimkumbatia mtu asiyemfahamu. Fundi cherehani analia, anasema ni vumbi la kitambaa. Mimi sikulia. Mimi nilitoka nje kuangalia kama kumekucha, na kumbe ilikuwa jioni.

Huko kwenu wamesemaje? Yule mwenye chai amekunywa?

Unauliza chumba. Chumba kipo. Mlango wake ndio haupo, nilimpa jirani aliyevunjiwa wa kwake, maana nilijua wewe siku hizi ni mtu wa kuja na kuondoka. Tangu Ijumaa nimekutengenezea mwingine. Ni mlango ambao wezi watakuja kuomba kupigwa nao picha. Sasa umeegemea sebuleni unazoea nyumba. Pazia anashona fundi cherehani, ila amekuja kupima dirisha kwa jicho tu, sasa sijui.

Huyo mpole wenu mwambie hana kosa kwangu. Lakini urefu wake hujaniambia.

Babu yako,
yule wa kwenye televisheni


Jumamosi, 26 Aprili

Msumari,

Hujambo? Mimi sijambo, goti nalo halijambo, leo limeamka kimya, nikaogopa.

Wiki imepita, na nyingine inakwisha, sijapata neno lako. Simu yako inasema haipatikani. Fundi cherehani anasema labda wamekurudisha kazini, maana amesoma kwenye simu yake kwamba watu wale waliotukana sasa wanataka mzee apewe tamthilia yake mwenyewe. Kama wamekurudisha, ni vizuri, kaa ufanye kazi, mimi sina neno. Nitasema tu masikio yapunguzwe.

Kinyozi kila akipita dirishani anapiga kelele, "Mzee, pachika mlango!" Ubao ulishazoea nyumba tangu juzi, nimeusikiliza, hauna wasiwasi hata kidogo. Bawaba ziko mfukoni. Ni mkono wangu tu unaokataa, sijui una nini. Namwambia kinyozi bado kidogo. Ananiambia hata joka lingeshachoka likaenda kwao. Nikamwambia wewe kanyoe, mambo ya mbao

Subiri. Kuna mtu anagonga.

Si mlango wa nje, huo uko wazi kwa ajili ya joto. Ni ule wa sebuleni, ulioegemea ukuta. Ngo, ngo. Na kuna mtu anajizuia kucheka.

Ngoja nikamwambie umelala.