Ukuta wa Nje

Mpendwa mama,

Juzi Wekesa, mdogo wangu, alinipigia nikiwa nje ya shule nangoja watoto wa madam, mwajiri wangu. Anataka kubomoa jiko lako la udongo ajenge nyumba ya mawe. Mimi niko hapa Al-Safa, Jeddah, na hata mazishi yako sikuhudhuria kwa sababu kafili, mdhamini anayeshikilia kibali changu cha kazi, alikataa kuniruhusu. Nilimwambia Wekesa anipe muda.

Tangu hapo nauwaza ule ukuta wako wa Yerusalemu. Nilikuwa bado Riyadh uliponipigia na furaha tele. Jirani yako wa kanisani alikuwa amerudi kutoka huko na picha yake, ameegemeza paji la uso kwenye mawe. Wewe uliuita Ukuta wa Maombi. Nami, mjuaji wako, nikakurekebisha: "Ni wa Maombolezo, mama."

"Si ni hayo hayo? Na si uko huko huko Uarabuni? Ukipata off, enda uniwekee karatasi ya maombi kwenye nyufa zake."

Nilicheka sana. Ulidhani ni kama kutoka Bungoma kwenda Webuye! Nikakueleza kwamba hekalu la Wayahudi lilibomolewa zamani, na ukuta ule haukuwa hekalu lenyewe, bali ulizunguka uwanja wake tu.

"Sasa mtu atoke mbali hivyo kuja kushika ukuta wa nje?"

 Nikakwambia, yalla, haya basi mama, madam ananiita. Hakuna aliyeniita. Nilikuwa nimechoka tu, na leo dakika zile nazililia.

Jibu la swali lako sasa ninalo. Mtu akipoteza nyumba asiyoweza kuirudisha, hushika kilichosalia, hata kama ni cha nje, maana hapo ndipo karibu nayo kuliko pote. Nimekukosa, mama. Natamani kuweka kiganja kwenye ule ukuta wa jiko wa upande wa mlango, uliokuwa ukiukandika mwenyewe kila Desemba na kuacha alama za vidole vyako.

Leo nimempigia Wekesa. Nimemwambia abomoe, ila huo ukuta mmoja auache mpaka nifike.

"Wa kazi gani, bro, na hauna hata paa?"

"Wewe ulimzika," nikamwambia. "Mimi niachie pa kulilia."

Akasema sawa.

Pumzika, mama. Niko njiani, hata kama nitachelewa.

Kifungua mimba wako