Kurasa Tatu za Mwisho

Samatya, Istanbul
Jumapili, 11 Februari 2001

Kwako kaka yangu wa tumbo moja, Arshavir,

Kabla ya lolote nakujulia hali. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko Marseille? Wifi Silva amepona mafua? Mwambie nimemwashia mshumaa siku ya Mtakatifu Sarkis, na nikamwombea kwa jina. Mimi mwenyewe namshukuru Mungu, pumzi ipo. Presha inapanda na kushuka, na usingizi umenikimbia, lakini kazi yangu ya kuuza mishumaa mlangoni pa kanisa naiweza bado. Makaa ya mawe yapo hadi mwezi wa tatu.

Barua hii haipiti posta. Ameibeba Dada Araksi, anayekuja huko kwa ubatizo wa mjukuu wake. Imo kwenye kifurushi chini ya biringanya zilizokaushwa, pamoja na kile ulichoniomba. Nakusihi, soma barua kwanza, kifurushi ukifungue baadaye.

Kaka, najua mlifurahi bunge la huko Ufaransa lilipopitisha ile sheria ya kusema kwamba waliyotendewa watu wetu, Waarmenia wa nchi hii, mwaka wa 1915 yalikuwa mauaji ya kimbari. Hilo neno naliandika leo kwa mara ya kwanza maishani, na nimeinuka kuangalia kama mlango umefungwa. Araksi alisikia kwa wanawe wa huko kwamba watu walilia barabarani wakakumbatiana. Sisi huku tulizima redio.

Kesho yake nilikwenda dukani kwa jibini. Yule muuza duka, ambaye kwa miaka ishirini hunikatia kipande kabla sijasema, alinitazama akacheka, akasema, "Madam Verjin, kule Ufaransa mnatutukana, huku mnakula jibini letu?" Alikuwa anatania. Lakini wateja waliokuwa nyuma yangu hawakucheka, na mmoja akatema mate karibu na kiatu changu. Jirani yangu Neriman aliposikia alipanda ngazi akihema, akasema nisitoke tena, mkate ataninunulia yeye. Akanionya kuhusu manukato ya Kifaransa, eti watu wanayamwaga barabarani kwa hasira. Nikamwambia, "Manukato gani, Neriman? Mimi nanuka kitunguu." Tukacheka mpaka akakaa chini. Ni mama wa Kiislamu mwenye moyo mweupe, Mungu amlipe. Alipoondoka nilitia komeo mara mbili.

Halafu ikaja simu. Inalia, nikiipokea hakuna mtu, pumzi tu. Siku tatu hivyo. Siku ya nne akaja bwana mmoja mwenye koti la kahawia. Hakusema anatoka ofisi gani, nami sikuthubutu kuuliza. Alivua viatu mlangoni kwa adabu, akaketi, akanywa chai yangu. Akatoa gazeti la hapa, na ndani yake picha yako, Arshavir, umesimama mbele ya kinanda cha wifi. Wamelinakili gazeti la Marseille. Chini ya picha wameandika maneno yako, kwamba bibi yetu Zaruhi wa Arapgir alipoteza watu kumi na saba wa nyumba yake, na kwamba majina yao yameandikwa katika Injili iliyoko kwa dada yako hapa Samatya.

Ndugu yangu, sikulaumu. Wewe umeishi huko miaka thelathini na mitatu, umesahau jinsi mtu anavyoongea huku. Lakini ulipotaja dada, ulinitaja mimi.

Bwana yule aliniuliza kitabu kiko wapi. Nikasema hakuna kitabu. Akatazama kabati, akatazama ukuta, akatabasamu. Akasema sisi sote hapa ni ndugu, wanaochochea ni walioko nje. Kisha akasema, taratibu kama anayemjulia mgonjwa hali, "Kijana wako anatumikia jeshi Erzurum, si ndiyo, dada? Baridi ya kule ni kali. Mungu amlinde." Nikamwaga chai kwenye kisahani. Akasema Jumanne wataleta watu wa televisheni, niseme tu yaliyomo moyoni mwangu, na pengine wangependa kupiga picha vitu vya zamani vya nyumbani.

Nazar wangu ana miezi minne kule. Unajua tangu mdogo tulimfundisha sokoni ajiite Naji kama mtoto wa Kituruki, na asiniite mama kwa lugha yetu mbele za watu. Habari za Arapgir hatukumwambia. Marehemu mume wangu Onnik alikuwa akisema asichokijua mtoto hakitamponza. Mle kambini yuko peke yake miongoni mwa vijana mia nne wenye bunduki.

Jumanne walikuja. Taa kubwa, nyaya hadi jikoni, na msichana mtangazaji mwenye sauti nzuri. Bwana wa koti alisimama karibu na dirisha. Nikasema tunaishi salama, makanisa yetu yako wazi, hatuna ugomvi na mtu. Nikasema Bibi Zaruhi alikufa kitandani kwa uzee, jambo ambalo ni kweli. Nikasema wewe uliondoka ukiwa kijana, na huko wanakulisha maneno. Yule msichana akasogeza kipaza sauti, akauliza kama maana yangu ni kwamba kaka yangu anasema uongo. Nikamtazama bwana wa koti. Nikasema ndiyo.

Kaka, neno ni hilo. Walilirudia kila taarifa ya habari.

Siku mbili baadaye Nazar alipiga simu. Alisema kamanda alimwita chumba cha televisheni, akampiga bega mbele ya wenzake, akasema mama yake ni mwanamke mwenye akili, na tangu hapo zamu ya kulinda kwenye theluji wamempa mwingine. Nikamshukuru Mungu hapo hapo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, mjomba anatudanganyia nini?" Nilijua simu ina masikio. Nikamwambia avae soksi mbili na ale vizuri. Mwanangu sasa anaamini hivyo, na aliyemfundisha ni mimi.

Lakini hilo umekwisha kuliona kwenye televisheni. Ninaloandikia barua hii hulijui.

Asubuhi ya Jumanne, kabla hawajafika, niliitoa Injili ya Bibi chini ya mashuka. Jiko lilikuwa linawaka. Nilipiga ishara ya msalaba, nikafungua kifuniko cha jiko, na mkono ukakataa. Sikuweza kulichoma Neno la Mungu. Nikang'oa kurasa tatu za mwisho, zile ambamo shemasi wa kituo cha yatima alimwandikia Bibi majina kwa wino wa zambarau, nikazitia motoni. Niliogopa kuchoma Injili, Arshavir, lakini watu wetu niliwachoma.

Wala sikuzisoma kabla. Hili ndilo linaloniamsha. Kila mkesha wa Pasaka Bibi alinifanya nimsomee, maana yeye hakujua kusoma, nami nilidhani nayajua kama Baba Yetu. Tangu tumzike mwaka wa sabini na nne sikuwahi kukifungua kitabu kile. Wiki nzima nimekaa na karatasi. Haya ndiyo niliyoyapata:

Bedros mfua shaba, baba yake Bibi, na Yeghsa mama yake. Mihran, Hampar na Satenig, ndugu zake. Babu Manug aliyekuwa kipofu. Shangazi Nvart na mumewe Toros, na watoto wao Garabed na Margarit. Na yule aliyeandikwa Mchanga tu, kwa kuwa hakuwahi kubatizwa.

Ni kumi na moja. Sita sina.

Injili unayo sasa, na ukifungua nyuma utaona penye kuchanika. Waambie wazee wa chama chenu cha Waarmenia lolote utakaloona ni haki, hata kwamba dada yako ni mwoga. Ila kama kuna jina ulilolisikia kwa Bibi ukiwa mtoto, mwambie Araksi kwa mdomo, asiandike. Kwaresima inakaribia, na siku ya kuombana radhi sitakuwa na uso wako wa kuubusu. Nakuomba radhi hapa.

Mbusu wifi mashavu yote mawili. Wasalimie watoto, na kila Mwarmenia wa huko anayekumbuka njia ya kwetu. Mwenyezi Mungu awafunike.

Ni mimi dada yako,
Verjin

Nimefungua bahasha tena. Shushan. Dada yake mkubwa Bibi, aliyekuwa amechumbiwa. Wako kumi na wawili.