Kopo Jekundu na Mizinga ya Dada Tunu

Jumatatu, 14 Julai
Sijamwambia mtu. Rangi niliyopaka siyo niliyotumwa. Dada Tunu alisema nyeupe, alama ya miti ya utafiti wake wa nyuki. Dukani walijaa vijana wanaoniita Bubu. Nikageuka njiani, nikachukua kopo jekundu la rangi ambayo baba alitumia kupaka baiskeli. Miti ishirini yenye mizinga, nimeimaliza leo. Hapa Ipole alama nyekundu ni ya mti ulioruhusiwa kukatwa, kuni za kukaushia tumbaku. Nalijua hilo. Nilijiambia wakataji wataiona mizinga.

Jumatano, 16 Julai
Dada habanduki kwenye kompyuta. Chuo kikuu kimetangaza nafasi za utafiti kwa waliomaliza uzamivu. Fizikia, kemia, tiba, mimea. Ya wadudu ni moja tu. Mwisho Jumatatu. Wanataka hesabu za nyuki wake za msimu mzima, imebaki ya Ijumaa. Miaka miwili hana kazi. Jirani humwita Daktari wa Nzi. Dada anacheka, kisha hali chakula.

Ijumaa, 18 Julai
Tulisikia mashoka kabla hatujafika. Miti tisa chini. Mizinga imepasuka, asali imechanganyika na vumbi. Masanja, mmoja wa wakataji, alikuwa kwenye wa kumi. Dada akaukumbatia.
"Toka, dada. Huu una alama."
"Basi nikate na mimi."
Masanja akampiga mpini wa shoka mkononi. Niliusikia mfupa. Akaurudia mti. Mapigo matatu, mzinga ukamwangukia begani. Nyuki walimfunika uso wote. Alikimbia akilia, akaanguka, akanyamaza. Wenzake walishatoroka. Nilijifunika khanga na Dada. Ningeweza kupiga kelele mapema, niseme alama ni yangu. Sikusema.

Jumamosi, 19 Julai
Masanja amekufa. Kaka zake wamekuja na fimbo, wakavunja mlango. Walimtaka aliyepaka rangi. Walimpiga baba mpaka damu ikamtoka sikioni. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyewaondoa. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala. Najichukia.

Jumatatu, 21 Julai
Mkono wa Dada umefungwa plasta. Anataja, mimi naandika maombi yake ya ile nafasi. Hesabu ya mwisho haipo, lazima tueleze sababu.
"Andika: miti niliitia alama mwenyewe, kwa rangi isiyofaa."
Vidole vikasimama. Alikuwa anatazama pindo la gauni langu. Doa jekundu. Nimelifua mara nne.
"Weka nukta, mdogo wangu. Tuendelee."

Jumanne, 22 Julai
Amewaambia maneno yale yale mbele ya mkutano wa kijiji. Walimrushia mawe. Moja limempasua juu ya jicho. Hakunitazama hata mara moja.

Jumapili, 17 Agosti
Dada ameipata ile nafasi. Basi limeondoka asubuhi. Hatarudi Ipole, kaka zake Masanja wameapa kulipiza kisasi.
Baba hasikii tena kwa sikio la kushoto. Nimempikia uji.
Kisha nikaenda dukani. Vijana wakasema, "Bubu huyo." Nikaomba rangi nyeupe, kwa sauti. Muuzaji akanipa, basi. Ilikuwa rahisi hivyo.
Nimeipaka juu ya nyekundu kwenye miti kumi na mmoja iliyobaki. Wa kumi una jeraha la shoka. Nyuki wameanza kurudi.
Daftari, nitunzie siri hii mpaka kesho. Asubuhi nakwenda kwa mama yake Masanja. Nikishamwamkia, nitasema. Usinitangulie.