Gauni la Mama Bochaberi

Nyakoe, Kisii
Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu haukusumbui tena asubuhi ukiamka. Je, Nyanya anakunywa dawa zake, au bado anazificha chini ya mto? Na Ombati anasoma, au mpira umemchukua mzimamzima? Mimi sijambo. Hapa mvua inanyesha karibu kila alasiri, na nguo nilizokuja nazo ni za jua la Voi, kwa hiyo Shangazi Kerubo amenipa sweta lake. Nywele ulizonisuka siku ya kuondoka zimeshafumuka zote. Sijapata moyo wa kwenda kusukwa, maana saluni imepakana na duka la Shangazi na wanaoketi pale ndio wanaonisema.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Ukipiga simu Jumapili nakwambia tu "niko sawa, Mama," kwa kuwa simu ni ya Shangazi na yeye huwa hapo hapo. Jumapili iliyopita alikwambia nimelala. Sikuwa nimelala. Nilimwomba aseme hivyo. Nimeona heri usikie kwangu kabla Baba hajasikia kwa ndugu zake.

Kuna mteja wa Shangazi anayeitwa Mama Bochaberi, mwalimu mstaafu anayekaa Nyaramba. Bintiye, Bochaberi, ana mchumba, na wakwe walikuwa wanakuja Jumapili kuleta ng'ombe. Mama Bochaberi alileta kitambaa cha zambarau, kizito na chenye kuteleza. Shangazi alikikata mwenyewe, akashona mabega, mikono na zipu. Ijumaa akaenda Kisii mjini kutafuta vifungo, akaniachia mishono miwili ya ubavuni.

"Piga bandi kwanza," akaniambia, "halafu upitishe mashine polepole. Nakuamini."

Nilipiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikilia kitambaa tu. Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, nikatumia ule ule wa zambarau, hata bandi ikawa haionekani. Kitambaa kikateleza, upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine, nikafumua nikaanza upya. Nawe unajua Baba alivyo na jua la Ijumaa, Sabato inapoingia; dada yake amemzidi. Jua likigusa mikaratusi ya ng'ambo, cherehani inafunikwa hata kama sindano imo katikati ya kola. Nilipoinua macho lilikuwa limeshagusa. Nikafunika cherehani, na gauni nikalitundika kwenye msumari uliokuwa wazi, ambao ni wa nguo zilizokwisha. Niliwaza nitalimalizia Jumamosi jua likishazama.

Jumamosi jioni tulikuwa ndio tunafungua duka. Hata taa sijawasha, Mama Bochaberi akaingia na dada zake wawili, wanacheka. Shangazi akalitoa gauni msumarini.

"Hili limekwisha?" akaniuliza, na kabla sijajibu akawageukia wageni. "Mnamwona huyu? Mtoto wa kaka yangu kutoka Voi. Mishono ya ubavuni ni mikono yake."

"Yaya!" mmoja wao akasema, akishangaa kwa Ekegusii. "Na vile amenyamaza hapo kama mgeni, kumbe mikono ndiyo inaongea."

Wote wakanitazama. Mama, tangu nimalize shule hakuna mtu aliyekuwa amenisifu mbele za watu. Shangazi akauliza tena, "Limekwisha, eh?" Nikaitikia kwa kichwa. Gauni likakunjwa, likaenda.

Asubuhi yake nilijiambia kwamba bandi nimeipiga karibu karibu, itashika mpaka jioni.

Tulialikwa na sisi, mimi nikiwa wa kusaidia kugawa chai. Huku kuna kitu wanachokiita ensoni. Ni aibu na heshima pamoja. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakaribiani ovyo. Hawapeani hata mkono, na mama hawezi kuonekana mbele ya mkwewe akiwa hajajisitiri sawasawa. Shangazi alinieleza hayo tangu wiki yangu ya kwanza, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Wakwe walipoingia kina mama walipiga vigelegele. Mama Bochaberi akainua mikono yote miwili kupokea blanketi walilomletea, na mshono wa kulia ukafumuka kutoka kwapani hadi kiunoni. Haukutoa sauti. Niliona tu petikoti nyeupe. Yule mchumba akainamisha uso mpaka magotini. Baba yake akainuka, akageuka, akatoka nje ya hema, na wazee wake wakamfuata. Kina mama wakamzunguka Mama Bochaberi kwa leso zao.

"Fundi ni nani?" mmoja akauliza kwa sauti.

"Si Kerubo?"

"Kerubo, siku hizi unashona kwa mate?"

Wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Shangazi akasimama. "Ni mimi," akasema. "Nisameheni." Akatoa sindano kwenye mkoba wake, akaingia chumbani na Mama Bochaberi. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe, karibu kabisa na hao kina mama, na sikufungua mdomo.

Shuleni mwalimu wa Kiswahili aliwahi kutupa kitenzi "fumuka" tukitungie sentensi. Mimi niliandika kuhusu kikapu. Mwenzangu akaandika kwamba sherehe ilifumuka, darasa zima likamcheka, tukamwuliza sherehe ina uzi gani. Mama, nimeiona. Wageni walirudi wakala kimya, wimbo haukuimbwa, wazee wakasema mazungumzo yangoje siku nyingine, na watu wakatawanyika mmoja mmoja bila kuagana. Bochaberi alikuwa amesimama mlangoni anamtazama kila anayeondoka.

Shangazi hakuniambia neno, njiani wala nyumbani. Aliniwekea chakula kama kawaida. Afadhali angenipiga. Wiki nzima wateja walipita wakitazama pembeni, na mwishoni kina mama wa kwaya wakaja kuchukua vitambaa vyao vya sare, Mama Bochaberi akiwa pamoja nao. Shangazi akaanza kuvitoa kabatini, kimoja kimoja, akivikung'uta vumbi.

Sijui niliwezaje. Nilisema kwa Kiswahili, maana Ekegusii kilinikimbia.

"Shangazi hakukosea. Ile mishono sikuipitisha mashine, ilikuwa bandi tu. Aliniuliza, nikakubali kwamba imekwisha."

"Kumbe anaongea," mmoja akasema, lakini hakuna aliyecheka.

Mama Bochaberi akanisogelea. "Uliniona nikiondoka na gauni la bandi, ukanyamaza?"

"Ndiyo, Mama."

"Na kwangu ukanipa chai, ukanyamaza?"

"Ndiyo."

Akamgeukia Shangazi. "Na wewe ulijua?"

"Niliona mshono nilipokuwa nakushonea chumbani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Duka ni langu."

Mama Bochaberi akavitazama vile vitambaa. Kisha akawaambia wenzake, "Rudisheni hivyo vitambaa. Na wakwe wakirudi nitahitaji gauni lingine, nitaleta kitambaa hapa hapa. Lakini huyu asikiguse."

"Hatakigusa," Shangazi akasema.

Walipoondoka alinipa wembe na rundo la sare kuukuu za shule, akaniambia nifumue mapindo yote, halafu akasema chai yangu inapoa. Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Kwenye cherehani siketi tena. Wakwe hawajasema kama watarudi, na kila nikimwona Bochaberi akipita sokoni navuka barabara. Aibu haijaniisha. Ila jana Shangazi alicheka na mteja mpaka akafuta machozi, nami niliweza kumtazama.

Msalimie Nyanya, umwambie sweta ninalo. Msalimie Ombati, lakini asisome barua hii. Msalimie na Mama Mghoi jirani, na mama mchungaji. Baba umsomee wewe mwenyewe, akishakula.

Nakuomba jambo moja. Jumapili ukipiga simu nitaipokea. Baada yangu utaongea na Shangazi, nami najua moyo wako, utataka kunitetea. Tafadhali usimwombe anirudishe kwenye mashine. Nataka siku ile ikifika aniite mwenyewe.

Mwanao anayekupenda,
Moraa